Mawe Yaliyoingia Chumbani

Najua hadithi ya mafuriko huanza na maji, lakini mimi nitaanza na shukrani, na asiyependa anisamehe. Mimi husema kwanza kile kilichojaa moyoni, na kilichojaa moyoni mwangu ni hawa majirani zangu. Walinijengea nyumba, halafu wakanibomolea, halafu wakanijengea tena. Na katika hayo yote, ile siku ya kunibomolea ndiyo ninayowashukuru zaidi.

Jina langu ni Aoko, ingawa huku hakuna anayeniita hivyo. Huku mimi ni Mama Phelix. Nilikuja kutoka upande wa ziwa nikiwa nimeolewa juzi tu, mume wangu Ooko akiwa mtu wa boila katika kiwanda cha chai huko Mogogosiek. Alipostaafu tulinunua shamba dogo kwa familia ya Mzee Johana, chini karibu na mto, tukapanda chai. Ooko ametangulia, Mungu amlaze pema. Watu wakiniuliza kwa nini sirudi kwetu, mimi huwauliza kwetu ni wapi. Watoto wangu wanaongea Kipsigis kuliko mimi, na mezani kwangu utapata samaki na mursik, yale maziwa ya kibuyuni, siku moja, wala hakuna aliyewahi kulalamika.

Mto wetu ni mdogo. Wakati wa kiangazi mgeni anaweza kuuruka na viatu vyake vya kanisani. Lakini mvua ya Aprili ikikaza huko juu, unashuka na matope na magogo, na zamani serikali ilikuwa inatuambia tuhame. Ooko alikuwa ameshapata mnunuzi. Halafu wakaja watu wa Mamlaka ya Kingo za Mito, ambao sisi huwaita tu watu wa Kingo, wakajenga ukuta wa mawe yaliyofungwa ndani ya wavu wa waya, mrefu kunishinda, kutoka darajani mpaka mwisho wa shamba langu. Siku ya kuufungua waliitisha baraza, tukapewa soda. Mkubwa wao akasimama akasema, "Msihame tena. Kaeni mlime. Huu ukuta ni jukumu letu."

Tulipiga makofi. Ooko akampigia yule mnunuzi simu akamwambia hauzi, na ule upande wa chini tuliokuwa tumeuacha nyasi tukaujaza chai. Kwa hivyo nikisema ni serikali iliyoniambia nikae pale, hiyo si hasira. Nilikuwepo, na soda nilikunywa.

Ukuta ulipasuka Jumapili tukiwa kanisani. Hapo namshukuru Mungu peke yake, kwa sababu mhubiri wetu siku hiyo alikuwa hamalizi na mimi nilikuwa nimeanza kumnung'unikia. Tulipotoka tulisikia mto kabla ya kuuona. Ulikuwa umetoboa ukuta pale panapotazamana na nyumba yangu, ukapita katikati ya chai, ukaingia ndani bila hodi. Upande wa mbele wa nyumba haukuwepo. Maji yalipopungua nikaingia chumbani, na kitandani kwangu, pale ninapoweka kichwa, nikakuta jiwe. Jiwe la ukuta wa serikali, kubwa kama sufuria ya kupikia watu wa matanga.

Nililia. Jirani yangu wa upande wa juu, Chepchirchir, alinishika mkono akasema, "Lia haraka, Mama Phelix, kazi ni mingi." Ndivyo alivyo, na ndiyo maana nampenda.

Wenyeji wa huku wana kitu wanaita kokwet. Ni majirani wa sehemu moja, na shida ya mmoja inawahusu wote, awe ni wa kabila lao au aliletwa na ndoa kutoka ziwani kama mimi. Hawangoji kuitwa. Mwenyekiti wetu ni Mzee Johana, mtu mzuri sana, ila anapenda usafi kupita kiasi. Anaweza kukupa mkono wa salamu huku macho yake yako kwenye viatu vyako. Siku ya pili wale wanaume walikuwa wanachimba matope chumbani, wanawake wanafua kila kitu kinachofulika, na mimi nalala kwa Chepchirchir.

Halafu chifu akapiga simu: watu wa Kingo wanakuja kuangalia hasara, ili Mamlaka ijue kama inapaswa kulipa.

"Serikali inakuja kwa Mama Phelix," Mzee Johana akasema, "na itapata Mama Phelix ndani ya matope? Hapana. Sisi si watu wa kuaibika hivyo."

Basi mambo yakaenda mbio. Mawe ya ukuta yalikuwa yametapakaa kila mahali, kwenye chai, uani, jikoni, hadi chooni. Wakayakusanya yote, wakayapanga, wakainua msingi wa ule upande wa mbele, mzuri kuliko ule wa kwanza. Juu wakasimamisha mbao, wakarudisha mabati, wakakandika udongo. Chepchirchir na wenzake wakanisugulia sakafu ikang'aa. Mimi nilikuwa napika chai na chapati na kuimba. Na katika watu wote wale, wenye akili zao na vitambulisho vyao, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu wa kuangalia hasara ataangalia nini.

Akaja Bwana Mageto wa Kingo. Akavua viatu mlangoni, maana sakafu ile hungeweza kuikanyaga hivi hivi. Akanywa chai, akala chapati, akasifu nyumba. "Mama, Mungu amekupenda," akasema. "Hapa sioni hasara." Tukacheka tukidhani anatania. Akaenda akatazama ukuta, na aliporudi hakuwa mtu yule wa chapati.

"Haya mawe ya msingi mlitoa wapi?"

"Ni ya ukuta wenu," Mzee Johana akajibu kwa fahari kabisa.

"Kwa hivyo mlibomoa ukuta wa serikali mkajenga nyumba."

Sote tukaanza kuongea pamoja, kwamba maji ndiyo yaliyoyaleta. Bwana Mageto akasema hajaona maji yanayopanga msingi. Tukamwonyesha picha kwenye simu. Akasema maji ni maji, picha haionyeshi yalipitia juu ya ukuta au yaliupasua. Kama yalipita juu, hiyo ni mvua ya Mungu na Mamlaka haidaiwi. Lile tundu nalo, alivyoona yeye, ni letu. Akasema tushukuru asipoita polisi. Akavaa viatu akaenda.

Mzee Johana alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hakutaka hata chai. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi na usafi wangu." Nilikuwa na hasira ya kuchemsha maji, lakini yeye ningemkasirikia vipi? Mtu amenifagilia nyumba. Nilimwekea chapati mkononi nikamwambia ale, na hasira yangu nikaihifadhi kwa ajili ya Sotik.

Ofisi yao iko Sotik. Nilifika asubuhi nikiwa nimejifunga kitambaa changu cha mazishi, nikamkuta Bwana Mageto dirishani, nikaanza. Mimi nikikasirika sina sauti ya chini. Nilimwambia, "Baraza mliita nyinyi. Mlisema tukae, ukuta ni jukumu lenu. Sasa jukumu lenu limenifuata mpaka kitandani. Ile si nyumba chafu, ni ukuta wenu ndani ya nyumba yangu. Matope ni yenu. Njooni mfagie."

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka msichana wa umri wa binti yangu, ndani ya gambuti zenye matope. "Mama, karibu ukae," akasema. "Mimi ni Nelvine, injinia wa ukuta huo. Nilikuwa upande ule mwingine wa mto, kwako sijafika."

Nilikaa. Kumpigia kelele mtu mwenye gambuti chafu si rahisi.

Aliniuliza mawe yalikuwa wapi kabla ya kujengewa. Nikamwambia kila mahali. Akasema, "Kila mahali si mahali, mama. Mto ukipita juu ya ukuta unaacha matope, mawe hauyahamishi. Mto ukipasua ukuta unayabeba. Kwa hivyo mimi nataka kujua kila jiwe lilifika wapi." Halafu akaniangalia usoni. "Nitakuja Alhamisi mwenyewe. Lakini sitakudanganya. Nikikuta msingi peke yake, nitaandika kile alichoandika Bwana Mageto, kwa sababu nitakuwa sina kingine cha kuandika."

Nilirudi nyumbani moyo umegawanyika. Nilimshukuru kwa kunieleza ukweli, na ukweli wenyewe ulinitisha. Nilimpata Chepchirchir akichuna chai, nikamweleza. Alisikiliza mikono ikiendelea kazi, majani yakirushwa kwenye kikapu mgongoni.

"Sasa si ni rahisi," akasema. "Sisi ndio tulibeba. Tutarudisha."

"Mtarudisha wapi?"

"Kila mtu arudishe pale alitoa. Mimi ile ya jikoni siwezi kusahau, iliniumiza mgongo."

"Chepchirchir, yako chini ya nyumba. Ukitoa mawe, nyumba inaanguka."

"Tutabomoa."

Nilikaa kwenye njia ya chai. Ile nyumba ilikuwa ya udongo, lakini ilikuwa na mikono ya kila mtu ninayemjua. Tangu Ooko afariki hakuna mtu aliyenipa kitu kikubwa hivyo. Sasa niibomoe, halafu huyo msichana aje atazame mawe yaliyotapakaa aseme, haya mmeyatupa nyinyi jana. Nitabaki bila nyumba ya serikali na bila nyumba ya majirani. Nilimwambia Chepchirchir hivyo hivyo.

"Na akikataa, nitalala wapi?"

"Kwangu," akasema, na akaendelea kuchuna.

Kokwet ilikutana jioni hiyo. Nilidhani watakasirika, maana mtu hajengi kitu kwa jasho Jumanne akafurahi kukibomoa wiki inayofuata. Mzee Johana ndiye aliyesimama wa kwanza, akaenda mpaka kwenye ule ukuta aliokandika yeye mwenyewe, akaupapasa kidogo, akachukua jembe akaupiga. Nililia tena. Safari hii hakuna aliyeniambia nilie haraka.

Kesho yake watu walianza kutoa mawe. Ukitaka kucheka ungekuja siku hiyo. Kipkurui, mume wa Chepchirchir, alibeba lake mpaka chini ya parachichi akaanza kuligeuza, akisema lilikuwa limelala ubavu. Watu wawili waligombania jiwe moja kama wanagombania mahari, mmoja akisema ni la chooni, mwingine akisema ni la zizi, mpaka mke wa mmoja akaja akalitambua kwa ile kona iliyomponda kidole. Lile la kitandani walinitaka niliweke mwenyewe. Nililisukuma mpaka kwenye mto wangu wa kulalia nikasema haya, jukumu la serikali, lala hapo.

Lakini kulikuwa na mawe ambayo hakuna aliyeyakumbuka. Kipkurui akasema tuyamwage tu kwenye chai, nani atajua. Mzee Johana alikataa kabisa. "Hata jiwe moja tusiongopee," akasema. "Walisema sisi ni wezi. Wasiseme tena sisi ni waongo." Basi yale yasiyokumbukwa tukayarundika kando ya njia.

Alhamisi Injinia Nelvine alifika na gambuti zake, Bwana Mageto nyuma yake. Aliona nyumba imefunguka mbele, jiwe liko kitandani, na kila jirani amesimama kando ya mawe yake kama watu wanaopangwa kwa picha ya harusi. Hakucheka. Alienda kwa mmoja mmoja, akiongea nao polepole, wengine kwa Kiswahili, wengine nikiwatafsiria. Hili ulilipata hapa? Lilikuwa limelalaje? Nani alikuwa na wewe?

Akafika kwenye lile rundo kando ya njia. "Na haya?"

"Hayo hatukumbuki," Mzee Johana akasema. "Madam, tumejaribu. Hatukumbuki."

Injinia alilizunguka lile rundo. Mimi nilidhani tumekwisha. Halafu akaingia kwenye chai, akifuata mawe kutoka moja hadi jingine kuelekea mto. Ilikuwa chai yangu ile ya chini, ile tuliyopanda baada ya baraza. Kila penye jiwe mti ulikuwa umepondwa, matawi yamevunjika yakielekea nyumba, yameanza kukauka. Sisi hatukuwa tumeigusa. Chai iliyovunjika huikati ovyo, unaiacha uone kama itachipua.

Alichuchumaa akashika shina moja. "Bwana Mageto, njoo," akasema. "Wewe umelelewa wapi?"

"Kisii, madam."

"Na mimi. Nyumbani mlikuwa na chai?"

"Tulikuwa nayo."

"Unaweza kuvunja mti wa chai wa mtu ndio udanganye serikali?"

Bwana Mageto aliangalia ile njia ya miti iliyopondwa, kutoka mtoni hadi mlangoni kwangu. "Siwezi," akasema. "Hakuna mtu anaweza."

Walienda mpaka kwenye tundu. Kipande cha wavu kilikuwa kimejisokota kwenye chai ya mwisho. Injinia akakivuta, akakisugua kati ya vidole, na ule waya ukamenyeka ukaanguka kama ganda la kitunguu. Hakukuwa na mahali palipokatwa. Ulikuwa umeoza. Alisimama pale mgongo ukiwa kwetu, na mimi nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi usiku kucha kwa Chepchirchir mpaka akaniambia ninyamaze. Nilikuwa na lile la baraza, na lile la soda, na lile la Ooko na mnunuzi wake.

Akageuka akaja moja kwa moja kwangu.

"Mama Phelix, mto haukupita juu ya ukuta. Ukuta ulikatika. Ukuta ni wetu, na waya ulipaswa kukaguliwa na sisi, na hatukukagua. Hili ni kosa letu. Nitaandika hivyo na nitaweka jina langu. Tusamehe."

Maneno yangu yote yalipotea. Nimeishi chini ya serikali maisha yangu yote, imenipa kitambulisho na imenipa soda, lakini haijawahi kuniambia tusamehe. Nilimshika mikono, nikamwambia erokamano ya kwetu ziwani, kisha nikakumbuka ni Mkisii, nikamwambia kongoi ya Kipsigis, na hiyo pia haikuwa yake, nikaishia asante. Bwana Mageto naye alimwendea Mzee Johana. Sikusikia alichosema, lakini alivua kofia akiwa anasema, na Mzee Johana akamshika bega. Chapati zilikuwa tayari, tukala wote.

Sitasema mambo yalikwisha kesho yake. Nilikaa kwa Chepchirchir mpaka mvua ikaisha, tukagombana kuhusu chumvi, tukapatana. Lakini Mamlaka ilikubali. Ukuta ulijengwa upya kwa waya mwingine, na sasa kuna mtu anayekuja kuukagua, nami humngojea na chai. Chai yangu ililipwa. Nyumba ikajengwa ya mawe ya kuchongwa, juu kidogo ya pale pa zamani, na kontrakta akaambiwa na Injinia kwamba msingi atawaachia kokwet. Nilikuwa nimeliomba hilo. Wakayakusanya tena yale mawe, yale yale, pamoja na yale yasiyokumbukwa. Lile la kitandani Mzee Johana aliliweka chini ya chumba changu.

Siku ya kukabidhiwa nyumba ilikuwa imenyesha, na mafundi walikuwa wameacha matope kila chumba. Mzee Johana alikuja mapema na ufagio. Nilisimama mlangoni nikamzuia.

"Mzee, hapana. Leo hakuna kufagia. Serikali ije ione."

Alisimama pale akiteseka, ufagio mkononi, mpaka gari likafika. Injinia Nelvine akashuka na gambuti zake. Akatazama sakafu, akamtazama Mzee Johana, akanitazama mimi, na hapo nikaona ameanza kutabasamu.

"Mama," akasema, "siku ile Sotik ulisema tuje tufanye nini?"

Aliuchukua ule ufagio kwa Mzee Johana, akainama, akaanzia chumbani. Mzee Johana alijizuia alivyoweza, halafu akamwonyesha kona aliyoiruka. Mimi nikavuta kiti, nikakaa, nikaiangalia serikali ikifagia nyumba yangu.